Nani Arekebishe Daftari? Mwonekano wa Kanzidata, Fomu na Haki ya Kuandika

Mhadhara kwa makatibu, waweka hazina na watunza kumbukumbu wa vikundi vya kufaana vya Waafrika Mashariki, Doha



Kila kikundi cha kufaana cha watu wa kwetu hapa Doha kina orodha ya wanachama. Kwa wengine bado ni daftari la karatasi. Kwa wengi siku hizi ni faili ya Excel inayosafiri kwa WhatsApp: inatoka kwa katibu, inakwenda kwa mweka hazina, inafika kwa mwakilishi wa Al Khor, inarudi. Mweka hazina ameandika michango ya mwezi kwenye nakala yake. Mwakilishi amesahihisha namba za simu kwenye nakala yake. Wiki ikiisha pana mafaili matatu yenye jina moja, na kila moja lina ukweli ambao mengine hayana. Kisha mtu anafariki. Namba inayotafutwa kwanza ni ya ndugu wa karibu kule Kakamega, Tanga au Mbale, na iliyopo kwenye nakala ya katibu ni ya laini isiyopatikana tangu mwaka juzi. Namba sahihi iko kwenye nakala ya mwakilishi, naye yuko zamu ya usiku na simu yake imefungiwa kabatini.

Kwa hiyo jambo ninalolileta leo, ingawa linaonekana la mafundi peke yao, linatuhusu sote: namna ya kuufanya mwonekano wa kanzidata urekebishike kupitia fomu, kwa programu za ofisi tulizo nazo. Nasimama upande mmoja tangu mwanzo. Haki ya kurekebisha taarifa ipangwe ndani ya kanzidata yenyewe, wala isiachiwe fomu. Na uamuzi wa nani arekebishe nini ni wa kikao cha wanachama. Fundi kazi yake ni kuutekeleza.

Tuchukue kikundi cha mfano chenye majedwali matatu. Jedwali la Wanachama lina namba ya mwanachama, jina lake, QID yake (namba ya kitambulisho cha mkazi wa Qatar), namba ya pasipoti, simu, namba ya kampi anayolala, chumba, ndugu wa karibu na simu ya huyo ndugu. Jedwali la Kampi lina mstari mmoja kwa kila kampi: namba yake, jina, eneo na mwakilishi. Jedwali la Michango lina tarehe, aliyelipa, riyali alizotoa na aliyepokea. Angalieni kwamba jina la kampi halirudiwi kwenye kila mstari wa mwanachama, huandikwa namba ya kampi tu. Faida yake ni kwamba Al Wakrah haitaandikwa kwa tahajia nne na watu watano tofauti, na kampi ikibadilishiwa jina, jina linasahihishwa mahali pamoja.

Mpangilio huu aliueleza Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, katika makala yake ya Juni 1970. Unaokoa mambo mengi, lakini binadamu hapendi kusoma namba za kampi. Anataka orodha inayosomeka: fulani, analala Al Khor, ametoa riyali 600 tangu Januari. Orodha hiyo haijahifadhiwa popote. Kanzidata huiunganisha upya kutoka majedwali yote matatu kila inapoombwa, na kwa sababu tumeipa jina na masharti yake, tunaweza kuiita wakati wowote kana kwamba ni jedwali. Huo ndio mwonekano. Mwaka 1985, katika gazeti la Computerworld, Codd alichapisha kanuni zake zinazojulikana hadi leo kama kanuni 12. Ya sita inadai kwamba kila mwonekano ambao kinadharia unaweza kurekebishwa, mfumo wenyewe uweze kuurekebisha. Ni sentensi fupi, na imewasumbua watafiti kwa miongo kadhaa.

Kwa nini isumbue? Hapa naomba tukae kidogo.

Mwakilishi anafungua mwonekano wetu. Anaona mstari wa mwanachama mmoja, na mbele ya jina lake pameandikwa Al Khor. Anafuta, anaandika Al Wakrah. Amemaanisha nini? Yawezekana mwanachama amehamishiwa kampi nyingine, na hapo kinachopaswa kubadilika ni namba ya kampi kwenye mstari wake yeye, katika jedwali la Wanachama. Yawezekana pia kampi nzima ilikuwa imeandikwa eneo lisilo lake, na hapo kinachobadilika ni mstari mmoja katika jedwali la Kampi. Kwa macho ya aliyekaa mbele ya fomu, mambo hayo mawili yanaonekana vilevile: herufi zimefutwa, nyingine zimeandikwa. Kwa kanzidata tofauti yake ni kubwa mno. Programu ikichagua njia ya pili bila kuuliza, na kampi ile ina watu 40, wote 40 watakuwa wamehamishwa kwa kosa la kuhamisha mmoja.

Kufuta ni vilevile. Mweka hazina anaona mstari wenye jina la mwanachama na mchango wa riyali 50 ulioandikwa mara mbili. Anaufuta mmoja. Je, amefuta mchango, au amemfuta mwanachama? Mwonekano umeviweka pamoja kwenye mstari mmoja, lakini chini yake ni vitu viwili vinavyoishi mbalimbali.

Na jumla? Mwonekano unasema riyali 600. Mtu akiandika 650 juu yake, hizo 50 ziingie mchango wa mwezi gani, na zimepokelewa na nani? Hakuna jibu ndani ya kompyuta. Jumla hutokana na michango, na atakayeibadilisha jumla bila mchango nyuma yake ameandika pesa ambayo haipo. Programu inayokataa hapo inawafanyia wanachama hisani kubwa. Vivyo hivyo kwa safu iliyokokotolewa: riyali imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.64, hivyo mwonekano unaweza kutuonyesha kila mchango kwa dola, lakini ukiruhusu watu waandike kwenye safu ya dola, makadirio ya desimali yatarudi kwenye riyali na hesabu haitalingana na stakabadhi.

Watafiti walilishughulikia tatizo hili mapema. François Bancilhon na Nicolas Spyratos waliandika mwaka 1981, Umeshwar Dayal na Philip Bernstein wakaandika mwaka 1982. Wazo la Bancilhon na Spyratos nalipenda kuliko yote, na halihitaji hesabu ngumu kulielewa: kabla hujaruhusu mwonekano urekebishwe, taja ni sehemu gani ya kanzidata itakayobaki vilevile wakati wa kurekebisha. Ukishasema kwamba jedwali la Kampi haliguswi kupitia mwonekano huu, utata wa Al Khor na Al Wakrah umekwisha, kwa kuwa imebaki tafsiri moja tu: mwanachama amehama. Arthur Keller naye, mwaka 1986, akapendekeza kwamba aulizwe yule anayeutengeneza mwonekano, siku anapoutengeneza, kila penye utata amemaanisha nini. Majibu yake yahifadhiwe na mfumo uyafuate siku zote.

Fikirini maana yake kwetu. Kumbe swali haliwezi kujibiwa na mtengenezaji wa programu aliyeko California, wala na fundi tuliyemlipa riyali mia mbili. Anayejua kama mwakilishi ana haki ya kumhamisha mtu ni kikundi chenyewe. Mashine inasubiri kuambiwa.

Sasa tuje kwenye programu tulizo nazo mezani.

Wengi wenu mnatumia LibreOffice, kwa kuwa ni ya bure na leseni ya Microsoft ni ghali kwa mfuko wa kikundi. Ukoo wake hatukuanza kuujua juzi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka uliofuata OpenOffice 2.0 ikaja na sehemu mpya ya kanzidata iitwayo Base, na mwaka 2010 LibreOffice ikazaliwa kutoka humo. Nawaambia wale wanaodhani kanzidata ni ya benki na wizara: chombo hiki kimo ndani ya programu ileile mnayoandikia barua za ubalozi.

Katika Base, ukitengeneza fomu juu ya jedwali, unaandika bila shida. Ukiitengeneza juu ya mwonekano, fomu inafunguka, taarifa zinaonekana vizuri, lakini kibodi kama imekufa: huwezi kubadilisha herufi, na kitufe cha mstari mpya kimefifia. Watu huhangaika na mipangilio ya fomu, wanaruhusu kuongeza, wanaruhusu kurekebisha, wanaruhusu kufuta, na haisaidii kitu. Sababu haiko kwenye fomu. Base, kabla ya kukuruhusu uandike, hutafuta ufunguo mkuu, yaani safu inayoutambulisha kila mstari pasipo kufanana na mwingine. Jedwali linao. Mwonekano, kwa jinsi kanzidata inavyouripoti, kwa kawaida hauna. Bila ufunguo Base haijui mstari ulioushika ni upi kule chini, kwa hiyo inafunga. Ndivyo inavyopaswa.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni kuacha mwonekano na kutumia ulizo, yaani agizo la kutafuta taarifa, lililohifadhiwa ndani ya Base yenyewe. Kwa msomaji vinafanana, ila Base huliendesha ulizo kwa kulichambua, ikajua linatoka majedwali gani. Ukiingiza ndani yake ufunguo mkuu wa kila jedwali lililotumika, unaweza kuandika. Ukiusahau mmoja, panafungwa. Jambo dogo hili limewakatisha tamaa watu wengi, nao wakarudi Excel.

Njia ya pili ni bora, na ningependa iwe mazoea yenu. Msiunganishe kila kitu kwenye mstari mmoja. Tengenezeni fomu juu ya jedwali la Wanachama, na ndani yake fomu ndogo juu ya jedwali la Michango, zikiunganishwa kwa namba ya mwanachama. Ukisogea kwa mwanachama mwingine, michango inayoonekana chini ni yake peke yake, na mchango mpya unaouandika unapokea namba yake bila wewe kuigusa. Mahali pa kampi wekeni sanduku la orodha: linaonyesha jina la kampi kutoka jedwali la Kampi, lakini linaandika namba ya kampi kwenye jedwali la Wanachama. Tazameni lililotokea. Mwakilishi akichagua Al Wakrah, tafsiri ni moja tu, mwanachama amehama, na jina la kampi yenyewe haliwezi kuguswa kutoka hapo. Bancilhon na Spyratos wangeridhika.

Kuhusu ufunguo mkuu, lipo kosa linalofanywa sana hapa Qatar. Watu huifanya QID kuwa ufunguo, kwa hoja kwamba kila mkazi anayo na hakuna wawili wanaofanana. Mtu aliyeshuka uwanja wa ndege wa Hamad wiki iliyopita bado yuko kwenye kipimo cha afya na alama za vidole. Hana QID, na wiki hizo za mwanzo ndizo anazohitaji kikundi kuliko wakati mwingine wowote. Mkitumia QID kama ufunguo, mtu huyo hawezi kuandikishwa, au ataandikishwa kwa namba ya kubuni. Pasipoti nayo hubadilika namba kila inapofanywa upya. Kikundi kitoe namba yake chenyewe, isiyo na maana nyingine yoyote, 1, 2, 3 na kuendelea, na QID iwe safu ya kawaida inayoweza kubaki wazi hadi itakapopatikana.

Ipo sababu nyingine ya kuiweka QID kando. Namba hiyo ya tarakimu 11 inasema mengi: tarakimu ya kwanza inaonyesha karne ya kuzaliwa, mbili zinazofuata mwaka, tatu zinazofuata nchi, 404 kwa Kenya, 834 kwa Tanzania, 800 kwa Uganda. Anayeiona QID yako ameshajua umri wako na uraia wako. Ufunguo mkuu huonekana kila mahali, kwenye kila fomu na kila ulizo. Kitu kinachoonekana kila mahali kisibebe habari za mtu.

Hadi hapa nimesema habari za fomu, na mtu anaweza kudhani fomu nzuri inatosha. Haitoshi. Faili ya Base, ile yenye kiambishi cha odb, ni furushi la zip ambalo kwa kawaida lina majedwali yote ndani yake. Aliyetumiwa faili ametumiwa kila kitu. Mkifunga kitufe cha kufuta kwenye fomu, mtu huyo anafungua jedwali moja kwa moja kutoka dirisha la Base na kufuta humo. Kufuli la fomu linamzuia mtu mwema asikosee. Mwenye nia mbaya halimgusi. Tena kanzidata iliyo ndani ya faili haiwezi kutumiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na hivyo tunarudi kwenye nakala tatu za WhatsApp.

Ndipo inapohitajika seva ya kanzidata. PostgreSQL na MariaDB ni za bure, na kompyuta ya kukodi kwa mwezi inaweza kulipwa na michango ya wanachama wachache. Base inaungana na PostgreSQL kwa kiunganishi kinachokuja pamoja na LibreOffice. Na hapa ndipo mwonekano unapoonyesha thamani yake halisi, kwa sababu seva inaweza kumpa mwakilishi haki juu ya mwonekano bila kumpa haki yoyote juu ya jedwali lililo chini. Anaona jina, simu, chumba na ndugu wa karibu wa watu wa kampi yake. Pasipoti haoni. Michango ya kampi nyingine haoni. Hata akiungana na seva kwa programu nyingine kabisa, mpaka ni uleule, kwa kuwa umewekwa kwenye kanzidata na si kwenye fomu.

Mwonekano unaotokana na jedwali moja, usio na jumla, makundi wala kuondoa marudio, PostgreSQL inaurekebisha yenyewe tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013. Uliounganisha majedwali kadhaa unahitaji triga ya INSTEAD OF, iliyopatikana tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011. Triga ni maelekezo mafupi yanayosema: mtu akijaribu kurekebisha mwonekano huu, badala yake fanya hivi. Akibadilisha simu, badilisha simu katika jedwali la Wanachama. Akibadilisha kampi, tafuta namba ya kampi hiyo uiweke kwenye mstari wa mwanachama. Akigusa jumla ya michango, kataa na umwambie kwa Kiswahili kwamba jumla haiandikwi. Hayo ndiyo majibu ya maswali ambayo Keller alitaka tuulizwe mapema. Fundi akumbuke jambo moja: triga ikimaliza bila kurudisha mstari, seva huhesabu kwamba hakuna kilichobadilika, na programu ya ofisi inaweza kumwambia mtumiaji kwamba mtu mwingine ameshabadilisha taarifa zake, hali hakuna mwingine aliyezigusa.

Yapo maneno matatu ninayotaka fundi wenu ayajue: WITH CHECK OPTION. PostgreSQL inayakubali kwenye mionekano hii ya jedwali moja tangu toleo la 9.4. Mwonekano wa mwakilishi wa Al Khor unaonyesha watu wa Al Khor tu. Bila maneno hayo, akimwandika mtu kuwa wa Al Wakrah, mstari unakubaliwa na papo hapo unatoweka machoni pake. Akigundua amekosea, hawezi kuurudisha, maana hauoni tena. Mkiyaweka, seva inakataa badiliko lolote linaloutoa mstari nje ya mwonekano.

Lakini tazameni kinachofuata. Watu huhamishwa kweli. Kandarasi inaisha Lusail, kampuni inawapeleka wafanyakazi wake Industrial Area, na jioni hiyohiyo wamelala kampi nyingine. Mwakilishi ndiye wa kwanza kujua, na sasa seva inamkatalia kuandika anachokijua. Je, kikundi kinataka mwakilishi amtoe mtu kwenye orodha yake bila mwingine kuthibitisha kumpokea? Au uhamisho uandikwe na katibu peke yake? Au mwakilishi anayempokea ndiye aandike? Mimi nina maoni yangu: aandike anayempokea, kwa sababu yeye ndiye anayemwona mtu kwa macho, na mtu asiyepokelewa abaki kwenye orodha ya kampi ya zamani ili asipotee. Kikundi kingine kinaweza kuamua vingine, kwa sababu nzuri. Kisichofaa ni kutoamua, halafu mwanachama akawa haonekani kwenye orodha ya kampi yoyote wakati yuko kitandani hospitali.

Sasa turudi kwenye Base, maana hapa pana mtego. Mmeweka seva, mmeweka mwonekano, mmeweka triga inayofanya kazi. Mnatengeneza fomu, na kibodi imekufa tena. Base haichunguzi triga. Inatafuta ufunguo, na mwonekano bado hauna. Microsoft Access hulimaliza hili kwa kumuuliza mtu: unapouunganisha mwonekano wa seva usio na ufunguo, inakuomba utaje safu zinazotambulisha kila mstari, na ukizitaja inakuruhusu kuandika kadiri seva inavyokubali. Ni swali la dirisha moja, na nasema wazi kwamba Base ingefaidika kulijifunza.

Kwa wenye Base zipo njia mbili. Moja ni kitufe chenye makro: fomu inasoma mwonekano, mwandishi anaandika thamani mpya kwenye kisanduku kisichofungwa na jedwali, na kitufe kinatuma agizo la kurekebisha kwa seva. Inafanya kazi, lakini fundi akipata kazi Dubai makro zinabaki bila mtu wa kuzielewa. Nyingine ni kutumia ulinzi wa mistari uliokuja na PostgreSQL 9.5 mapema mwaka 2016. Sheria inawekwa kwenye jedwali lenyewe: kila mwakilishi akiingia kwa jina lake, anaona na kurekebisha mistari ya kampi yake tu. Jedwali lina ufunguo wake mkuu, kwa hiyo Base inaruhusu kuandika. Safu nyeti, pasipoti, afya, habari za ndoa, mnazitenga katika jedwali la pili ambalo mwakilishi hana haki nalo. Mwonekano mnauacha kwa kazi ya kusoma: ripoti ya mweka hazina, orodha ya wanaodaiwa, jumla ya mwaka. Kwa vikundi vya ukubwa wetu, hii ndiyo njia ninayoipendekeza.

Mtu anaweza kuniuliza: yote haya ya nini, kwa kikundi cha watu wanaojuana? Nchi tuliyomo ina Sheria Namba 13 ya mwaka 2016 ya kulinda faragha ya taarifa binafsi, na inazihesabu habari za afya na za ndoa miongoni mwa taarifa za aina ya pekee. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, dada anayefanya kazi nyumba ya mtu huko Al Rayyan, aliyetuamini akatupa namba ya mama yake, ana haki ya kujua kwamba namba hiyo haizunguki kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu mia mbili. Na huyohuyo dada ana haki ya pili ambayo walinzi wa siri huisahau: mama akibadilisha laini, awepo mtu wa karibu naye mwenye ruhusa ya kusahihisha usiku huohuo, bila kungoja katibu apate nafasi. Tukiificha namba lakini tukashindwa kuisahihisha, siku ya msiba haitamfaa mtu.

Nimeona vikundi vikianza na fomu: rangi, nembo, picha ya bendera. Miezi mitatu baadaye wanagombana kuhusu nani alibadilisha nini. Ombi langu ni kwamba muanze upande wa pili. Kwenye kikao chenu kijacho chukueni karatasi moja. Upande wa kushoto andikeni kila taarifa mnayoiweka: simu, kampi, chumba, ndugu wa karibu, pasipoti, mchango, malipo ya msiba. Mbele ya kila moja andikeni nani anaiona, nani anairekebisha, na nani anaandikiwa taarifa ikibadilika. Penye utata jadilianeni mpaka mkubaliane, na mwenyekiti atie sahihi. Karatasi hiyo ndiyo mtakayompa fundi, na asiguse kompyuta kabla hajaipokea.

Mwenye swali kuhusu triga au ulinzi wa mistari abaki nami hapa baada ya chai. Makatibu, naomba mwanze na safu ya ndugu wa karibu.